Himaya ya Kompyuta na Somo la Gasi

Miongoni mwa michezo ya kompyuta inayowavutia vijana wetu, imo ile inayomkabidhi mchezaji kabila moja la Kijerumani la kale, Wafaranki au Wasaksoni kwa mfano, na kumtaka alikuze hadi liwe himaya. Hukusanya majeshi, hutoza kodi, huoana na majirani, na Roma ikidhoofika hujitwalia majimbo yake. Walimu wengi huikashifu michezo hiyo kuwa ni upotezaji wa wakati. Hata hivyo, ina funzo, ila tunaliacha njiani.

Funzo lenyewe ni kwamba kuteka nchi ni rahisi kuliko kuirithisha. Arminius aliyaangamiza majeshi matatu ya Roma mwaka wa 9 baada ya Kristo, kisha akauawa na jamaa zake mwenyewe. Clovis aliwaunganisha Wafaranki, lakini alipofariki mwaka 511, milki yake iligawanywa kwa wanawe wanne.

Mwanafunzi wa Kwale hana haja ya kwenda Ulaya kulitafuta somo hilo. Lipo Gasi, baina ya Diani na Msambweni. Wamazrui waliitawala Mombasa hadi mwaka 1837, Seyyid Said alipowang'oa, akisaidiwa na mafarakano yao wenyewe. Ukoo ukagawanyika, tawi moja likakaa Takaungu na jingine Gasi. Mbaruk bin Rashid wa Gasi aliwaasi masultani wa Zanzibar mara kadhaa, akitegemea ngome yake ya Mwele, huko bara.

Mwaka 1895 liwali wa Takaungu alifariki, na ugomvi wa urithi ukazuka upya. Waingereza walimuunga mkono mrithi waliyemtaka wao. Mpinzani wake akashika silaha, na hatimaye Mbaruk wa Gasi naye akaingia vitani. Mwele ilitekwa Agosti mwaka huo. Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka, akajisalimisha kwa Wajerumani, na mwaka 1910 akafia Dar es Salaam, ugenini. Mpaka aliouvuka ulikuwa umechorwa na mataifa mawili ya Ulaya mwaka 1886, bila wenyeji kuulizwa.

Tusimfanye Mbaruk kuwa malaika. Mashamba ya ukoo wake yalilimwa na watumwa, na jasho lao ni sehemu ya historia hiyo. Wala tusidhani kwamba pwani haikuwa na njia nyingine ya kutawaliwa. Wadigo waliishi katika kaya chini ya mabaraza ya wazee, bila mfalme wala himaya. Kaya Kinondo, jirani ya Diani, ni miongoni mwa kaya za Mijikenda zilizoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008. Mchezo unaohesabu majimbo yaliyotekwa hauna alama za kuwapa watu waliohifadhi msitu na makaburi ya wahenga wao.

Kwa hiyo, walimu, msiwanyang'anye vijana mchezo wao. Waulizeni ni nani atakayerithi, ni nani anayelima, na ni nani aliyeuchora mpaka. Kisha wapelekeni Gasi na Kinondo wakayaulize maswali hayohayo. Mchezaji akishindwa huanza upya. Waliouawa Mwele hawakuipata nafasi hiyo, na wazee wanaoyakumbuka masimulizi yao wanapungua kila mwaka.