Léopards wa 1974: matabishi si mshahara

Ndjingala, saa ya jioni. Watu wametoka mu mashimo, wabebaji wametua mizigo, mama wa makala wanawasha moto. Kijana mumoja anapitisha simu yake mkono kwa mkono. Mule ndani muko filamu fupi ya zamani. Wachezaji wa Brazili wamesimama tayari kupiga mpira wa adhabu. Filimbi inalia. Mbele Mbrazili augusse mpira, namba 2 wa kwetu anatoka mu mstari mbio na kuupiga kwa nguvu zote, mpira unaenda mbali kabisa. Vijana wakacheka mpaka machozi. Mumoja akasema: "Bale bazee habakujua mupira!"

Mzee mumoja aliyefanya kazi ya kasiterite tangu wakati wa makampuni hakucheka. Akauliza: "Munajua juu ya nini alipiga ule mupira?" Hakuna aliyejibu. Sisi wa sendika tulikuwa pale, na sisi pia tukanyamaza. Ndiyo maana tumetafuta ile habari na kuileta hapa. Ni habari ya mpira, lakini kila mtu aliyeshuka mu shimo ataielewa haraka.

Walitoka na heshima yote

Yule namba 2 ni Mwepu Ilunga, beki wa Lubumbashi, mtoto wa TP Englebert, timu ambayo leo tunaiita Mazembe. Mwaka ni 1974, na inchi yetu inaitwa Zaire.

Wasiojua mpira hawafiki mahali wale walifika. Mu Desemba 1973, Léopards walipiga Moroko 3-0 kule Kinshasa, na Moroko wakakataa kucheza mechi ya kurudishiana. Hivyo Zaire ikawa inchi ya kwanza ya Afrika ya weusi kuingia Kombe la Dunia. Mbele yake Afrika ilikuwa imetuma Misri mu 1934 na Moroko mu 1970, basi.

Mu Machi 1974, timu ileile ilienda Misri kucheza Kombe la Afrika. Fainali na Zambia iliisha 2-2. Siku mbili baadaye wakairudilia, Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote mane ya Zaire mu zile fainali mbili yalifungwa na mtu mumoja: Ndaye Mulamba wa Vita Club. Mu mashindano yale alifunga mabao 9, na mpaka leo hakuna aliyefikia hesabu ile mu Kombe moja la Afrika.

Mobutu alifurahi sana. Wachezaji wakapewa nyumba na gari za Volkswagen. Inchi yote ikaimba. Feza ya serikali wakati ule ilitoka sana sana mu shaba ya Katanga, na bei ya shaba ilikuwa imepanda kabisa mwanzo wa mwaka ule. Kwa hiyo jasho la wachimbaji lilikuwa mu furaha ile, hata kama hakuna aliyelitaja.

Siku tisa kule Ujerumani

Wakapanda ndeke kwenda Ujerumani ya Magharibi, na kocha wao Blagoje Vidinić, mtu wa Yugoslavia. Mashati ya kijani, kichwa cha chui mu kifua.

Tarehe 14 Juni, kule Dortmund, walicheza na Uskoti. Wakapigwa 2-0, lakini walicheza vizuri, na watu wa Ulaya wakashangaa. Hakukuwa haya yoyote.

Kiisha ndipo ubaya ulipoingia. Wachezaji wenyewe walieleza miaka ya nyuma kwamba mbele ya mechi ya pili walipata habari: ile primu waliyoingojea haitafika mikononi mwao. Bakubwa waliosafiri nao wameishaikula. Wachezaji wakakataa kucheza. Sisi kwetu tunaita ile mgomo. Walisukumwa, wakaambiwa hivi na hivi, mwishoni wakaingia uwanjani. Lakini Ndaye alisema kwamba roho ya kucheza ilikuwa imekufa.

Tarehe 18 Juni, kule Gelsenkirchen: Yugoslavia 9, Zaire 0. Baada ya bao la tatu kocha alimutoa kipa Kazadi Mwamba na kumuingiza Tubilandu. Wachezaji walizunguka refa kwa hasira, na Mwepu akamupiga teke. Refa hakuona vizuri ni nani, akamufukuza Ndaye. Mfungaji mkubwa wa Afrika akatoka kwa kosa la mwingine.

Ikabaki Brazili, tarehe 22 Juni. Mwepu alieleza kwamba watu wa Mobutu walikuja kuwaonya: mukifungwa mabao mane, hakuna atakayerudi nyumbani. Mechi iliisha 3-0. Ni mule ndani ndimo alipiga ule mpira ambao vijana wa Ndjingala wanauchekea.

Alipoulizwa, Mwepu alijibu kwamba sheria alizijua vizuri. Siku ingine alisema alitaka refa amufukuze, juu hakuona sababu ya kuumia uwanjani bure wakati wengine wanakula feza yake. Siku ingine alikumbusha yale maonyo na woga waliokuwa nao. Maneno yote mawili yanaweza kuwa kweli pamoja. Mtu anaweza kuwa na hasira na woga saa moja. Muulize yeyote aliyesimama mbele ya mwenye bunduki anayedai salongo.

Lakini dunia haikumuuliza siku ile. Ilicheka, ikasema Waafrika hawajui sheria ya mpira. Sheria ileile waliyoifuata wakachukua Kombe la Afrika miezi mitatu nyuma!

Waliporudi

Hakuna aliyewaimbia tena. Bei ya shaba nayo ilianguka mwaka uleule, na feza ya inchi ikaanza kukauka. Wengi wa wachezaji wale walizeeka mu umasikini. Mwepu alikufa Kinshasa mu Mei 2015.

Habari ya Ndaye ndiyo inatuuma zaidi. Mu 1994 walimuita Tunisia, kwenye Kombe la Afrika, wakamupa heshima. Aliporudi nyumbani, wanyang'anyi wakampiga risasi ya mguu. Akakimbilia Afrika ya Kusini, akaishi Cape Town kwa kulinda magari ya watu. Mu 1998, kwenye Kombe la Afrika la Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya dakika moja kwa ajili yake. Habari ilikuwa imefika kwamba amekufa mu ajali ya mgodi wa almasi kule Angola. Haikuwa kweli, alikuwa muzima, anatafuta chakula cha siku. Alikufa kweli mu Januari 2019.

Tumefikiri sana juu ya ile dakika ya kimya. Ndugu zetu wangapi wamefunikwa na udongo kweli, Rubaya na Walikale, na hakuna uwanja uliosimama kwa ajili yao? Na yule waliyesimama kwa ajili yake, alipokuwa muzima, nani alimuuliza kama amekula?

Na sisi je?

Kosa lilianzia wapi? Wengine watasema Gelsenkirchen. Sisi tunasema lilianza siku ya zile Volkswagen. Gari ilikuwa zawadi ya mkubwa, na zawadi inatoka mu roho ya mwenye kutoa: leo iko, kesho haiko, na huwezi kuidai. Primu ni haki, inatoka mu kazi. Siku wachezaji walipodai primu, walionekana kama watu wasio na shukrani. Si muliishapewa nyumba na gari?

Yale maneno tunayajua. Mwaka mumoja tulipanga timu ya wachimbaji, tukaenda kucheza Walikale-Centre. Mnunuzi mumoja wa mawe alituahidi primu, kila mchezaji na yake. Tukashinda. Akatuletea mbuzi na kreti mbili za bia, tukakula, tukacheza ngoma. Kesho yake tulipouliza primu, akajibu: "Si muliisha kula mbuzi yangu?" Tukarudi na miguu.

Mu mashimo ni vilevile. Huko Masisi ni koltani, huku kwetu kasiterite, lakini hesabu ni moja. PDG wa shimo anakupa unga, maharagi, tochi, na kidogo ya kutuma ku bibi. Sikukuu anakupa shati. Unasema: huyu ni baba. Kiisha siku ya kugawa inafika: wanakata chakula, wanakata tochi, wanakata salongo, wanakata maji yaliyo mu mawe. Kipimo kinafanyiwa mbali, mu muji, na karatasi yake wewe huioni. Unachopata kinaitwa matabishi, na wewe unasema aksanti. Nyumbani mama iko na daftari ya deni ya butike, na mtoto amefukuzwa ku masomo.

Hatusemi mukatae mbuzi. Kuleni mbuzi. Lakini mujue mbuzi si hesabu.

Léopards walidai haki yao wakiwa tayari Ulaya, bila karatasi, bila sendika, mbele ya watu wenye nguvu. Kwa hiyo mgomo wao ulivunjwa. Funzo tunalolichukua ni dogo na linawezekana: mapatano yafanywe mbele ya kushuka mu shimo, si baada ya kutoka. Yaandikwe: nani anatoa chakula na kwa bei gani, kila mtu anapata sehemu gani, kipimo kinafanyiwa wapi. Karatasi iandikwe mbili, moja ibaki ku timu ya wachimbaji, na isomwe kwa sauti mbele ya wote, juu si kila mtu alisoma. Mama wa nyumba nao waijue, kwani wao ndio wanakumbuka hesabu wakati sisi tumeisha kunywa.

Mzee wa Ndjingala, tulipomusomea habari hii, alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba simu, akatazama tena ule mpira unavyoenda mbali. Akasema: "Aliupiga vizuri. Angeupiga mbele ya kupanda ndeke."