Mfua Nguo, Mwalimu wa Watafuta Dhahabu

Kufua nguo ni kazi ambayo wengi huidharau, kwa kuwa hufanywa kila juma, tena nyumbani bila ya mshahara. Hata hivyo, hapo zamani huko Ulaya walikuwako wataalamu waliomhesabu mwanamke afuaye nguo kuwa mwalimu wa elimu ya siri. Hao ni watu wa alkemia, elimu ya kale ambayo wafuasi wake walitaka kuyageuza madini duni, kama vile risasi, yawe dhahabu. Jina hilo latokana na neno la Kiarabu al-kimiya, na kutoka humo limezaliwa neno letu kemia.

Mwaka 1617 tabibu wa Kijerumani, Michael Maier, alitoa kitabu kiitwacho Atalanta Fugiens, chenye picha 50 za mafumbo. Picha ya tatu yaonyesha mwanamke akifua nguo kwa maji ya moto, na maelezo yake yamtaka msomaji aende kwa mwanamke huyo akafanye kama afanyavyo yeye. Hata katika Splendor Solis, kitabu ambacho nakala yake ya mwaka 1582 imehifadhiwa London, wamechorwa wanawake wakifua na kuanika.

Kwa nini mfua nguo? Alkemia ilikuwa na hatua kuu tatu zilizotajwa kwa rangi: weusi, weupe na wekundu. Kwanza kitu kilichomwa au kuozeshwa hata kikawa cheusi kama masizi. Ndipo kikaoshwa. Kilitiwa katika chupa iliyozibwa na kupashwa moto. Mvuke ulipanda, ukapoa, ukashuka kama mvua juu ya mabaki. Kazi ilirudiwa mara nyingi mpaka weupe utokee. Mama wa nyumbani naye huloweka, husugua, husuuza, hukamua na kuanika juani. Doa likikaidi, huanza upya.

Fumbo lenyewe ni hili: afuaye haongezi kitu katika kitambaa, bali huondoa kilichokifunika. Wengi wa wataalamu hao waliamini kuwa roho ya mwanadamu nayo yahitaji kuoshwa vivyo hivyo, kwa subira, wala si kwa siku moja.

Dhahabu haikupatikana. Leo sayansi yatueleza sababu: kiini cha atomu ya risasi kina protoni 82, na cha dhahabu 79, hakuna maji wala moto wa tanuri uwezao kuibadili hesabu hiyo. Lakini kuchuja, kukeneka na kuosha kwa uangalifu kumebaki kuwa kazi ya kila siku katika maabara.

Kwa bahati mbaya, ndoto ile ya kale haijafa. Katika Afrika ya Mashariki wako matapeli wanaoonyesha mabunda ya karatasi nyeusi, wakidai kuwa ni dola zilizopakwa rangi, na kwamba wakipewa fedha za kununulia dawa wataziosha zing'are. Akiba za familia zimepotea kwa njia hiyo. Mama aliye mbele ya karai lake hawezi kudanganyika, maana anajua kuwa maji huondoa uchafu tu, wala hayaleti kisichokuwamo. Basi mwenye kiinua mgongo chake mkononi na amwulize mgeni wa namna hiyo swali moja: ikiwa dawa yako yatoa fedha, kwa nini waitaka yangu? Kisha aende kituo cha polisi.