Meza ya kukunjwa: mkombozi wa fundi Pwani, ila ina mipaka yake

MVUA za masika zinapoanza na watalii kupungua, hoteli na nyumba nyingi za wageni kuanzia Mtwapa, Kilifi na Watamu hadi Malindi hupunguza shughuli ili zikarabatiwe. Kati ya Aprili na Juni ndipo mafundi wa rangi, plasta na dari hupata vibarua kwa wingi. Ndipo pia wengi wao huonekana wakifanya kazi wakiwa wamesimama juu ya mapipa, kreti za soda au viti vya plastiki.

Kwa fundi mwenyewe jambo hilo halina uzito. Pipa la lita 200 halifikii hata mita moja kwenda juu, na kazi ni ya saa chache tu. Hata hivyo, mtu anayeanguka akiwa ameinua uso na mikono kuelekea darini hana nafasi ya kujishika, na sakafu ya saruji haina huruma. Kifundo cha mkono kikivunjika, anayelipwa kwa siku huweza kukaa wiki sita au zaidi bila kipato.

Chombo kimoja chepesi kinaweza kupunguza maafa ya aina hii. Ni meza ya kazi ya kukunjwa ambayo pia hutumika kama jukwaa fupi. Miguu yake hukunjwa kwa bawaba, ikabebwa kwapani au nyuma ya bodaboda, na fundi afikapo kazini huikunjua kwa dakika moja.

Fikra ya meza ya kazi inayobebeka ilienea ulimwenguni kupitia kwa Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa mbunifu wa magari ya kampuni ya Lotus nchini Uingereza. Mnamo 1961 alikuwa akikata mbao juu ya kiti kizuri cha nyumbani mwake, msumeno ukapitiliza na kukikata kiti chenyewe. Tukio hilo lilimfanya abuni meza ya kukunjwa yenye jiliwa ya kubana mbao. Kampuni kadhaa ziliikataa, kabla ya Black & Decker kuanza kuitengeneza mwaka wa 1972. Hickman alifariki mwaka wa 2011, meza yake ikiwa imeuzwa kwa mamilioni.

Tangu hapo zimetokea meza za aina nyingi, lakini si zote zilizoundwa ili kukanyagwa. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kulichunguza. Meza ya kukatia mbao huhitaji uso mgumu na jiliwa imara. Meza ya kusimamia huhitaji zaidi ya hayo: uso mpana usioteleza, miguu iliyotanuka kuliko uso wenyewe, na makomeo ya kuizuia isijikunje ikiwa na mtu juu yake.

La pili ni uzito. Fundi hujihesabu yeye peke yake na kusahau mzigo. Mtu wa kilo 75 akisimama na ndoo ya lita 20 iliyojaa plasta mbichi, ambayo yakaribia kilo 40, jumla yake ni kilo 115. Meza iliyoandikwa kuwa hubeba kilo 100 tayari imezidiwa, hata kama haijalia. Afadhali ndoo iwekwe chini na fundi apewe plasta kidogo kidogo na msaidizi wake.

La tatu ni kimo. Mtu wa mita 1.7 akinyoosha mkono hufikia takriban mita 2.1. Akisimama kwenye meza ya sentimita 60, anafikia mita 2.7, ambacho ni kimo cha dari za nyumba nyingi. Kwa hiyo kazi nyingi za ndani hazihitaji jukwaa refu. Dari ikizidi hapo, suluhisho si kupandisha meza juu ya nyingine wala kuegemeza ngazi juu yake. Kufanya hivyo ni kukaribisha ajali.

Anayehitaji kutembea kando ya ukuta mrefu anaweza kutumia meza mbili za kimo kimoja na kulaza ubao juu yake. Ubao huo uwe wa unene wa inchi 2 na upana usiopungua sentimita 30, usiwe na ufa wala fundo kubwa, na umbali kati ya meza usizidi mita 1.5. Ncha zake zifungwe na zisitokeze mno. Ncha ndefu iliyoning'inia ni mtego: anayeikanyaga huinua upande wa pili na kuanguka pamoja na ubao.

Mazingira ya Pwani nayo yana masharti yake. Penye mchanga, mguu mmoja ukididimia meza yote huinama. Kipande cha ubao mpana huwekwa chini ya kila jozi ya miguu, kisha fundi huikanyaga kwanza akiwa bado ameshikilia ukuta. Hewa ya chumvi nayo hula bawaba na misumari upesi kuliko bara. Kutu inapoanza kuchimba chuma, kupaka rangi juu yake ni kuficha maradhi. Bawaba ifutwe kila jioni, itiwe mafuta, na ibadilishwe mara inapolegea.

Kazi za nje ya nyumba na juu ya mapaa zina jukwaa lake. Anayeezeka makuti au kupiga plasta ukuta wa ghorofa angali anahitaji jukwaa kamili. Pwani, jukwaa hilo hujengwa mara nyingi kwa nguzo za mivinje, mti unaopandwa kwa wingi katika mashamba ya Kilifi, ama kwa mabomba ya chuma. Lazima lifungwe barabara na kuzungushiwa vizuizi vya kumzuia mtu asianguke.

Jukumu hili si la fundi peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuhakikisha mahali pa kazi, na njia ya kupafikia, ni salama. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka huo huo inampa mfanyakazi aliyeumia haki ya kulipwa, hata kama mkataba wake ulikuwa wa mdomo. Hivyo aliyeumia anapaswa kumwarifu mwajiri bila kukawia, na kuhifadhi karatasi za hospitali.

Mwenye nyumba akipiga hesabu ataona kwamba gharama ya meza mbili imara ni ndogo ikilinganishwa na matibabu ya mtu mmoja. Naye fundi, anapoikunjua meza kila asubuhi, na aangalie mambo manne kabla ya kupanda: ardhi, miguu, makomeo na uso. Wahenga walinena, tahadhari kabla ya hatari.