Harusi Ankoro: Rumba Ipi Isiyokausha Mfuko?

Mdogo wangu alikuja na daftari la shule. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mchango: nani ametoa, nani ameahidi mbuzi, nani ameahidi tu. Ukurasa wa pili ulikuwa na neno moja juu kabisa, "Muziki", na chini yake mistari mitupu.

"Yaya," akasema, "unga wa bukari tunao, samaki mto utatoa, mahari imekwisha. Muziki ndio unanitia tumbo joto. Shemeji yangu anataka orchestra kutoka Kalemie, baba anataka bolero za zamani, vijana wanataka bafle hadi asubuhi."

"Na wewe?"

"Mimi nataka nisibaki na deni."

Niliyomwambia siku ile ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu kila kiangazi, harusi zinapofuatana hapa kwetu ambapo Luvua inaingia Lualaba, naona familia zikinunua kelele kwa bei ya muziki. Sitahesabu kwa franka. Bei ya Ankoro hufuata barabara: pikipiki zikipita vizuri kutoka Manono, esansi hushuka, mvua zikianza, hupanda. Nitahesabu kwa lita, kwa mega na kwa vichwa vya kulisha. Wewe zidisha kwa bei ya siku yako.

Kwanza tuelewane juu ya jina lenyewe. Rumba ya Cuba kwao, yaani yambú, guaguancó na columbia, haina gitaa hata moja. Ni ngoma, vijiti na sauti za watu. Kilichotufikia sisi kwa jina la rumba kilikuwa hasa son, muziki wa gitaa, bongo na maracas. Mwaka 1933 kampuni ya Gramophone ya Uingereza ilianza kuuza Afrika santuri za mfululizo wa GV, na ya kwanza kabisa ilibeba El Manisero ya Don Azpiazú, iliyorekodiwa New York mwaka 1930. Wauzaji walikuwa wameibatiza rumba, nasi tukalipokea jina pamoja na santuri. Wako wanaosema neno lenyewe ni letu tangu mwanzo, nkumba, kitovu kwa Kikongo, lililovuka bahari na watumwa na kurudi likiwa limevaa suti. Wacuba wenyewe walifika ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mwaka 1965 na Che Guevara, aliyejiita Tatu, wakakaa kama miezi saba. Santuri zilikuwa zimewatangulia kwa zaidi ya miaka 30.

Tofauti hiyo ya son na rumba inagusa mfuko. Muziki wa ngoma hulipiwa kwa chakula cha wapigaji. Muziki wa gitaa kavu hulipiwa kwa nyuzi. Muziki wa gitaa la umeme hulipiwa kwa esansi, na esansi ndiyo inayowaacha watu na madeni.

Tuanze na ombi la shemeji. Orchestra kamili, kwa namna iliyoendelezwa tangu African Jazz ya Joseph Kabasele mwaka 1953 na OK Jazz mwaka 1956, inataka gitaa la solo, la mi-solo, la akompa, besi, tumba, waimbaji wawili watatu, na mara nyingi saksafoni au tarumbeta. Hao ni watu wanane hadi kumi na wawili. Kutoka Kalemie watapanda treni hadi Kabalo, siku itakapokuwapo, kisha mto au pikipiki. Hesabu nauli za kwenda na kurudi, siku mbili za kungoja, bukari mara mbili kwa siku kwa vichwa kumi, na mahali pa kulala. Vyombo vya umeme vya watu hao vinahitaji grupu ya kilowati mbili au tatu, nayo hunywa kama lita moja kwa saa. Usiku wa saa nane ni lita nane, na hapo ujira wao wenyewe hujaugusa.

Simdharau anayeweza. Gitaa tatu zikifukuzana kwenye sebene, ile sehemu ya kasi mwishoni mwa wimbo, mbele ya macho yako ni kitu ambacho kadi ya memori haitakupa kamwe. Lakini umenunua nini ikiwa watu watatu wa orchestra wamekwama Kabalo na waliobaki wanapiga bila besi? Mwenye fedha ya orchestra nusu asikodi nusu ya orchestra.

Wapo pia vijana waliokwisha kuona salsa kwenye simu na wanaitaka "ya kweli". Ya kweli ina piano, tarumbeta na tromboni. Cha-cha-chá nayo, aliyoibuni Enrique Jorrín Havana mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilizaliwa kwenye bendi za charanga, zenye filimbi na violini. Mpiga violini wa karibu sijui utamtolea wapi. Hata hivyo Kabasele alionyesha mlango wa pembeni: mwaka 1960 alikwenda Brussels, Mkutano wa Meza ya Duara juu ya uhuru wa Kongo ukiendelea, na kikundi cha watu wasiofika kumi, wakatoa Indépendance Cha Cha. Violini hazikuwapo, gitaa la Dr Nico lilibeba kazi yao, na Afrika nzima ikacheza. Ukisikia mtu anakutoza zaidi kwa sababu anapiga "Kilatini halisi", mkumbushe hilo.

Sasa bafle. Hapa ndipo wengi tunapoangukia, na hapa ndipo nilipoungua mimi. Miaka kadhaa nyuma nilikodi mashine kwa harusi ya binamu. Mwenyewe aliniambia bei moja, "kila kitu ndani", nami nikampa avansi bila kuuliza kila kitu ni nini. Saa nne usiku, wimbo umetoka kwenye sehemu ya polepole, gitaa la sebene ndiyo kwanza linachomoza, wanawake wameshafunga vikwembe vizuri kiunoni, grupu ikakohoa mara mbili na kunyamaza. Esansi haikuwa ndani ya "kila kitu". Mtu alitumwa na pikipiki kuitafuta gizani, akarudi na lita mbili kwa bei ya nne. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza si la ukubwa wa bafle. Ni hili: nani analeta esansi, lita ngapi, na nizione kabla ya jua kuzama.

Swali la pili ni grupu gani. Bafle mbili za kiasi zinatosha uwanja wa familia, na grupu ndogo ya kilowati moja inaziendesha kwa kama nusu lita kwa saa. Wenye mashine hupenda kuleta grupu kubwa kwa sababu inatisha, nawe unalipia kutisha huko. Kama jirani ana pano na batri ya volti 12, ampea-saa 100, fanya hesabu yake pia: batri hiyo ina wati-saa 1,200, usiivute zaidi ya nusu ukitaka iishi, na bafle inayokula wati 60 kwa wastani itaimba saa kumi bila tone la esansi. Ubaya wake ni mmoja. Pano ya wati 100 itahitaji siku moja na nusu ya jua kurudisha ulichotumia, kwa hiyo harusi ya siku mbili mfululizo haifai.

Muziki wenyewe utautoa wapi? Wimbo wa dakika nne uliobanwa kwa kiwango cha kawaida, kilobiti 128, ni kama mega nne. Kadi ya giga nne inameza nyimbo elfu moja hivi, saa zaidi ya 60. Kusikiliza kwa intaneti usiku mmoja wa saa sita kutakula kama mega 345, na mtandao ukiyumba watu watasimama wakitazamana. Kanunue kadi, ijaze siku mbili kabla, isikilize yote. Isikilize, nasema, maana vibanda vya kujaza kadi hukupa faili tatu za wimbo uleule kwa majina matatu.

Chagua nyimbo kwa urefu. Santuri za zamani za Cuba ni dakika tatu kila upande; mzee hajamaliza kunyanyuka kwenye kiti, wimbo umekwisha. Rumba ya Kongo ya miaka ya 1980 ni nyingine: Mario ya Franco wa OK Jazz, ya mwaka 1985, inazidi dakika kumi. Wazee wanapata mwendo wao mwanzoni, vijana wanapata sebene mwishoni. Kisha weka za Kiswahili, kwa sababu wimbo ambao uwanja mzima unauimba hauhitaji bafle kubwa. Shauri Yako ya Nguashi Ntimbo wa Lubumbashi haijawahi kuniangusha. Ukipata za Salum Abdallah wa Morogoro, ziweke pia. Bendi yake iliitwa Cuban Marimba, ilipiga cha-cha na rumba, na maneno yalikuwa Kiswahili kilichonyooka.

Nimebaki na ombi la baba, na hili ndilo ninalolipenda, kwa hiyo pima maneno yangu ipasavyo.

Bolero inahitaji gitaa mbili na sauti zinazojua kupishana, basi. Katanga yetu ilikwenda mbali zaidi: ilihitaji gitaa moja. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean Bosco mwaka 1952 huko Likasi, wakati ule Jadotville, kijana huyo alikuwa na gitaa kavu na vidole viwili vya mkono wa kulia, na wimbo wake Masanga bado unawatoa jasho wapiga gitaa wa Ulaya. Wenzake wa enzi ile walisindikizwa na chupa ya Fanta, ikigongwa kwa kisu au msumari. Chupa hiyo inafanya kazi ya clave ya Cuba, vile vijiti viwili vinavyoshika mapigo ili miguu isipotee.

Kwenye njia ya kwenda bandarini yuko fundi baiskeli ambaye hupiga jioni baada ya kufunga kazi. Nilimpeleka mdogo wangu kwake. Tulimkuta amekaa juu ya gurudumu lililolala, gitaa lake lina nyuzi nne za dukani na mbili alizozifumua kutoka kwenye waya wa breki. Alikaza ufunguo, akasikiliza sikio likiwa juu ya mbao, akalegeza kidogo. Kisha akapiga bolero, polepole mno, kidole gumba kikitembea kwenye besi kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mpwa wake akachukua chupa. Mama aliyekuwa akisubiri mpira wa gurudumu uzibwe aliweka beseni lake chini na kucheza peke yake, mabega yametulia, kiuno ndicho kinachozungumza. Bei yao: chakula cha wawili, seti mpya ya nyuzi, na bahasha ya heshima. Esansi, sifuri. Kasoro ipo: watu wakifika mia mbili na bia zikifunguliwa, gitaa kavu halisikiki tena. Ni muziki wa alasiri.

Ngoma tatu kwa mtindo wa guaguancó zingekuwa rahisi vilevile, lakini ukishawakusanya wapiga ngoma wa Kiluba, waache wapige cha Kiluba. Kwa nini umlipe babu akuigizie mjukuu wake?

Iko gharama ambayo daftari halioni, ya miguu. Merengue ya Jamhuri ya Dominika ni hatua moja kwa kila pigo, na mgeni anaishika jioni moja. Bachata, ya nchi hiyohiyo, ni hatua tatu na kugusa kwenye ya nne. Mpe siku tatu. Cha-cha-chá inachanganya kidogo kwenye zile hatua za haraka. Salsa ya kushikana na kuzungushana itakula wiki kadhaa za mazoezi, na bibi harusi ana kazi nyingine. Tango iache Buenos Aires. Rumba yetu hujifunzi, unakumbuka tu. Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu kwa ombi la Kongo zote mbili. Heshima kubwa, ingawa haijapunguza bei ya nauli ya treni.

Hukumu yangu, basi. Mwenye mfuko mzito, barabara kavu na wiki moja ya kusubiri, aite orchestra. Wengine wote wagawe siku vipande viwili: gitaa kavu na chupa tangu saa tisa alasiri hadi saa mbili usiku, wakati watu wanakula na wazee bado wana nguvu, kisha bafle mbili na grupu ndogo kwa wenye kukesha. Avansi isizidi nusu, na neno "esansi" liandikwe kwenye karatasi ya makubaliano.

Mdogo wangu alifanya hivyo mwezi wa saba. Uwanja ulinyunyiziwa maji kutuliza vumbi. Baba alicheza bolero tatu mfululizo na mama mkwe, ambaye hakuna aliyejua kwamba anacheza. Saa mbili fundi alikunja waya zake, bafle zikaanza, na saa sita tukazima. Lita tatu zilikuwa zimenunuliwa, mbili zikatumika. Ile iliyobaki tuliitia asubuhi kwenye pikipiki iliyowapeleka maharusi Manono.