Bajia na Mwezi Usiojulikana

Jioni ya siku ya 29 ya Ramadhani, mama wa nyumba huku Pemba ana suala moja ambalo kalenda haimjibu: aroweke kunde au asiroweke? Mwezi ukiandama, kesho ni sikukuu, na tangu watu watoke kuswali Idi ukumbi haukauki wageni. Usipoandama, kesho watu wamefunga na karai halina kazi mpaka karibu na magharibi. Ndiyo maana vitafunio vya sikukuu vinataka viwe vya kuandaliwa nusu, vikangoja. Na vinavyojua kungoja, kwa bahati njema, ni vile visivyo na nyama wala samaki.

Nayasema haya kwa kuwa siku hizi naulizwa sana: mgeni wangu hali nyama, nimpe nini? Mara ni jirani Mhindu, mara mtoto wa ndugu aliyerudi kutoka Ulaya na tabia mpya, mara mzee aliyekatazwa na daktari. Anayeuliza huwa kashika kichwa kama aliyepatwa na msiba. Lakini litazame sinia lenyewe la sikukuu, liwe la Chake Chake au la Wete: visheti, kaimati, vileja, mkate wa kumimina, halua. Nyama iko wapi hapo? Iko kwenye sambusa na katlesi, basi. Sinia letu halina upungufu wa visivyo na nyama. Lina wingi wa sukari. Mgeni wa nyumba ya nne ameshashiba tamu tangu nyumba ya pili, anatafuta cha chumvi.

Cha chumvi cha kwanza ni bajia za kunde, au badia kama wengi wetu tunavyoziita. Kunde kavu zinatosheka na maji kwa saa 4 hadi 6. Usizilaze nje usiku kucha, kwa joto letu zitachacha. Zikishavimba, zifikiche kwa viganja mpaka maganda yaelee, uyamwage. Kazi hii inachosha na ndiyo inayorukwa, kisha watu wakashangaa bajia zimekuwa nzito kama kokoto. Ganda ni nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi hizo huvunja mapovu ya hewa ambayo tunayataka. Saga kwa maji machache kabisa, yale ya kuifanya blenda izunguke tu. Kinu ni bora zaidi, maana hakidai maji. Halafu upige unga huo kwa mwiko mpaka weupe uzidi na mkono uhisi wepesi, kwa sababu protini ya kunde hushika hewa ikipigwa. Tia donge dogo katika gilasi ya maji: likielea, uko tayari, likizama, endelea kupiga.

Wapo wanaochemsha kunde kwanza wakidhani wanarahisisha kazi. Bajia hizo hutawanyika karaini. Wanga wa kunde mbichi hunywa maji ukiwa ndani ya mafuta ya moto, ukavimba na kushikamana. Uliochemshwa umeshamaliza kazi hiyo sufuriani, hauna tena gundi. Na tafadhali, usiweke maharage mekundu mahali pa kunde. Maharage mabichi yana sumu yake ya asili, haiondoki mpaka yachemke barabara, na katikati ya bajia hapapati moto wa kutosha kwa muda wa kutosha.

Anayekwambia bajia ni ya Kihindi, mwambie jina ndilo la Kihindi. Kunde zilianza kulimwa Afrika. Wanaijeria wana bajia yao ya kunde, akara, nayo ilivuka bahari pamoja na watumwa hadi Bahia, Brazil, ambako kina mama huikaanga barabarani kwa mafuta ya mawese na kuiita acarajé.

Unga uliopigwa hulala ndani ya friji mpaka asubuhi bila ya taabu, ila usitie chumvi wala vitunguu. Chumvi huvuta maji ya kitunguu, ukaamka na uji. Vitie pamoja na pilipili na kotmiri pale karai linapokuwa jikoni.

Mafuta yawe na moto wa nyuzi 170 hadi 180. Usiye na kipimajoto chovya ncha ya mwiko mkavu wa mti: mapovu madogo madogo yakipanda mfululizo, anza. Kitu kikiwa ndani ya mafuta, mvuke unaotoka huyazuia mafuta yasiingie. Ukikitoa, mvuke uliobaki ndani unapoa na kunywea, na hapo ndipo mafuta yaliyobaki juu yanapofyonzwa. Kwa hiyo zikung'ute bajia zingali za moto, uzitandaze. Ukizirundika, zitanywa mafuta na kulainika kwa mvuke wao wenyewe.

Kachori nazo zinafuata sheria hiyo hiyo ya maji. Chemsha mbatata na maganda yake, uzimenye, uziache zifuke moshi mpaka uishe, ndipo uziponde na thomu, ndimu, pilipili na chumvi. Mbatata yenye maji hupasuka karaini kwa sababu mvuke unatafuta pa kutokea. Madonge yanaweza kufinyangwa usiku. Uji wa kuyachovya, wa unga wa dengu na manjano, ukorogwe asubuhi. Sambusa za kabichi na karoti pia zinawezekana, mradi mboga zikaushwe motoni na zipoe kabla ya kufungwa kwenye manda. Shelisheli, kama msimu upo, haina maelezo mengi: paka kisu mafuta kwa ajili ya utomvu, kata vipande vyembamba, kaanga, chumvi.

Na mafuta yawe mapya. Mwaka mmoja nilimkaangia kachori jirani yangu asiyekula samaki, kwa mafuta yaliyokaanga vibua vya daku. Alichukua moja, akaisogeza karibu na mdomo, akairudisha kisahanini taratibu na kuomba chai. Hakusema neno. Mimi ndiye niliyekumbuka vibua. Tangu siku hiyo nina karai la peke yake, na vidonge vya kutia ladha mchuzini nasoma pakiti kwanza, maana vingi vina kuku au ng'ombe. Suala la mayai na samli muulize mgeni mwenyewe. Kuna asiyekula nyama lakini maziwa anakunywa, na kuna asiyegusa vyote.

Chatne ya ukwaju inaweza kukaa mezani asubuhi nzima kwa sababu ya ukali wake. Ya nazi mbichi si hivyo: itoe kidogo kidogo, na iliyokaa nje zaidi ya saa 2 imwage.

Kufunika, tumia kawa la ukili, la bibi, lile ambalo vijana wameligeuza pambo la ukutani. Mfuniko wa bati hurudisha mvuke chini ukawa matone. Kawa lina pumzi, na nzi hapiti.

Mwezi usipoonekana, kunde ulizoroweka zikaange kwa futari. Za sikukuu roweka nyengine kesho baada ya adhuhuri, mwezi 30, ambapo hakuna tena mwezi wa kungojewa.