Fedha za Maendeleo Zinavyovifikia Visiwa vya Wabajuni

Vijiji vya visiwa vya Wabajuni, kusini mwa Somalia, vilivyopangana kutoka Kismayu kushuka kusini kuelekea Ras Kiamboni na mpaka wa Kenya, hupata fedha za maendeleo kutoka serikalini, kwa mashirika ya wafadhili na kwa jamaa walio nje. Katika njia zote hizo habari hutangulia fedha. Kijiji kilichosikia mapema kwamba kuna ruzuku ya maji, na ambacho kamati yake na daftari lake viko tayari, hukuta mlango u wazi. Kilichosikia baada ya mwezi hukuta umeshafungwa. Visiwa vya Koyama, Ngumi, Chovai na Chula vina haja za kutosha na vina watu wa kuzifanyia kazi. Kinachovipungukia zaidi ni habari kuvuka salama ule mwendo wa bahari ulio kati ya ofisi inayotoa tangazo na ufuo unaolihitaji.

Visiwa vyenyewe ni vya matumbawe, vyembamba, vyenye udongo haba. Riziki hutoka baharini: samaki wa miambani, papa wa kukaushwa, na kamba wanaonunuliwa na wachuuzi wa Kismayu. Wakati wa kusi, takriban Mei hadi Septemba, upepo huvuma kwa nguvu na mashua ndogo hazithubutu kutoka nje ya mwamba. Kaskazi ndiyo ya kuvua na ya kusafiri. Majira hayo hugusa kila mradi, kwa sababu saruji, mabati na mabomba yote hufika kwa chombo. Ruzuku inayotolewa mwezi wa Mei na kutaka kazi iwe imekwisha Agosti imepangwa na mtu asiyeijua bahari hiyo, na kijiji kina haki ya kusema hivyo kabla ya kutia sahihi.

Misaada si jambo geni huku. Baada ya uhuru wa 1960 bandari ya Kismayu ilijengwa kwa msaada wa Marekani, na kisiwa kilicho mbele ya mji kikaunganishwa na bara. Chini ya serikali ya Siad Barre, iliyoshika madaraka mwaka 1969, wavuvi wengi wa pwani ya Somalia waliingizwa katika vyama vya ushirika, na mashua za mashine zikagawiwa. Nyingi hazikudumu: mashine ilipoharibika hapakuwa na kipuri wala fundi, na chombo kikabaki kimepandishwa mchangani. Funzo hilo bado lina uzito katika kila maombi ya mashine ya boti au jokofu.

Kisha vikaja vita vya 1991. Wabajuni, wasio na jeshi la ukoo la kuwakinga, waliporwa vyombo na nyavu, na wengi wakakimbilia Kenya, ambako walikaa katika kambi za Mombasa hadi zilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Waliorudi visiwani walirudi mikono mitupu, bila hati za nyumba na bila orodha za wanachama wa ushirika. Wapiganaji wa Al-Shabaab waliushika mji wa Kismayu kuanzia 2008 hadi 2012, na mwaka 2013 ukaundwa utawala wa Jubaland. Kwa hiyo kijiji cha visiwani kinapoambiwa leo kilete ushahidi wa kusajiliwa, mara nyingi hakuna karatasi hata moja ya zamani ya kuonyesha. Kupoteza karatasi hizo kulikuwa hasara kubwa kama kupoteza mashua, ingawa hutajwa mara chache.

Kwa Katiba ya Muda ya 2012, Somalia ni nchi ya shirikisho: juu ipo serikali kuu ya Mogadishu, chini yake majimbo kama Jubaland, kisha wilaya. Pwani ya kusini pamoja na Ras Kiamboni imo katika wilaya ya Badhaadhe, mkoa wa Juba ya Chini. Fedha za umma na za mashirika makubwa zinapopita serikalini, hufuata ngazi hizo. Mpango wa pamoja wa Umoja wa Mataifa wa kuimarisha serikali za mitaa, ulioanza 2008, ulijengwa juu ya wazo kwamba wilaya ipange yenyewe miradi yake, iipitishe na kuisimamia. Desemba 2023 Somalia ilikamilisha safari ndefu ya kusamehewa madeni, ikapata nafuu ya jumla ya dola bilioni 4.5, na tangu hapo imekuwa rahisi zaidi kwake kupata fedha za Benki ya Dunia na taasisi nyingine. Habari hiyo ilitangazwa sana, lakini dola hizo hazigawiwi kijiji kwa kijiji. Kisiwa hufaidika pale tu kisima chake au shule yake inapoandikwa katika mpango wa wilaya au wa jimbo.

Hapo ndipo viti katika vikao vya kupanga vinapokuwa na maana. Tangu mkutano wa Arta nchini Djibouti mwaka 2000, madaraka ya Somalia yamegawanywa kwa kanuni ya nne na nusu: koo nne kubwa hupata fungu zima kila moja, na jamii nyingine zote zikichanganywa hupata nusu fungu. Wabajuni wamo ndani ya nusu hiyo. Mkutano wa kupanga miradi ukifanyika bila mtu wa visiwani, hakuna atakayesema kwamba visima vya visiwani huingiwa na chumvi. Wazee wa visiwa kudai kiti katika vikao hivyo ni kazi ya maendeleo kamili, tena huenda ikazaa kuliko kuandika maombi kumi.

Fedha za wafadhili zina taratibu nyingine. Mifuko mikubwa ya dharura, kama ule wa Umoja wa Mataifa wa misaada ya kibinadamu nchini Somalia, hulipa mashirika yaliyosajiliwa na kukaguliwa, hailipi kijiji moja kwa moja. Kisiwa huhitaji shirika mwenzake mjini Kismayu lenye akaunti na mhasibu, na ni lazima kilijue shirika hilo mapema, kwa sababu maombi huandikwa mjini huku mahitaji yakiwa visiwani. Iko pia mifuko midogo inayolenga vikundi vya wenyeji. Unaojulikana zaidi Afrika Mashariki ni Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani, ulioanza 1992. Unaendeshwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, na kwa miaka mingi kikomo cha ruzuku yake kilikuwa dola 50,000 kwa mradi. Umesaidia vikundi vingi vya pwani ya Kenya na Tanzania kupanda mikoko, kulinda miamba na kufuga nyuki. Hali ya wafadhili imebadilika tangu mwanzoni mwa 2025, Marekani ilipositisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje na kulifunga shirika lake la USAID. Miradi mingi ya Somalia ilisimama katikati, na anayeomba fedha sasa anashindana na wengi zaidi kwa kidogo kilichobaki.

Wafadhili wengi huuliza mambo yale yale. Wanataka kujua kikundi ni cha nani, kina katiba na muhtasari wa mkutano uliochagua viongozi wake, na sahihi za nani hutakiwa fedha zinapotolewa. Wanataka makadirio ya gharama, mara nyingi yakiambatana na bei za wauzaji watatu. Wanauliza jamii itachangia nini. Swali hili la mwisho huwatisha wengi bure, maana mchango si lazima uwe pesa: mawe ya kujengea, mchanga, usafiri wa mashua na siku za kazi vyote huhesabiwa, mradi viandikwe kwa thamani ya soko. Sharti la wauzaji watatu ni zito zaidi kwa kisiwa kisicho na duka hata moja la vifaa. Dawa yake ni kumwomba mfanyabiashara au mwanafunzi wa kisiwa hicho aliyeko Kismayu azunguke madukani mapema, achukue bei kwa maandishi na kuzihifadhi.

Maombi yenye nguvu hujengwa juu ya hesabu ambayo yeyote anaweza kuifuata. Mfano mzuri ni birika la maji ya mvua, kwa sababu visima vya visiwa vya matumbawe huingiwa na chumvi kwa urahisi vinapotekwa sana. Mvua ya Kismayu ni kama milimita 400 kwa mwaka, nyingi ikinyesha kati ya Aprili na Julai. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja. Paa la mabati la madrasa lenye mita za mraba 50 kwa hiyo hupokea lita 20,000 kwa mwaka. Ukitoa sehemu ya tano kwa kumwagika, kwa kukauka na kwa maji ya kwanza yanayoosha vumbi, hubaki lita 16,000. Kiwango cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Nyumba ya watu sita hutumia lita 90, na birika hilo lingeitosha kwa karibu miezi sita. Ukurasa mmoja wenye hesabu hiyo, pamoja na mchoro wa paa na jina la mtu atakayesafisha mifereji yake kila mwaka, humshawishi mfadhili kuliko kurasa kumi za kueleza dhiki. Huonyesha pia kwamba birika moja halitoshi kijiji, na hivyo kuwakinga watu na ahadi za kupita kiasi.

Ng'ambo ya mpaka, Wabajuni wa Kiunga, Faza na Kizingitini wana mfano wa kuangaliwa. Kanuni za Kenya za 2007 ziliwapa wavuvi vikundi vya kusimamia fuo, vinavyojulikana kote pwani kwa kifupi BMU, vyenye daftari la wanachama, la vyombo na la bandari ndogo za kushushia samaki. Daftari hilo huwa na uzito fedha zinapokuja. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari mpya, na waliodai walikuwa zaidi ya 4,000. Baada ya hukumu, mvutano mrefu ulikuwa juu ya orodha: nani kweli ni mvuvi, nani ameandikwa, nani ameachwa. Jina lililokuwamo daftarini tangu zamani lilikuwa na utetezi. Visiwa vya upande wa Somalia vingeweza kuanza daftari kama hilo kesho, bila kungoja sheria, kwa kalamu na kwa mashahidi wawili kila ukurasa.

Fedha za jamaa ndizo zinazofika upesi kuliko zote. Wabajuni walioko Mombasa, Malindi, nchi za Ghuba na Uingereza hutuma kwa hawala au kwa simu, na mara nyingi mchango wa msiba, wa kuezeka msikiti au wa kununua mashine ya boti hukamilika kabla mfadhili hajajibu barua. Udhaifu wa fedha hizo ni kwamba hufuata ukoo: mwenye watoto nje hupata, asiye nao hukosa. Vikundi vya upatu vya wanawake huziba sehemu ya pengo hilo. Daftari la upatu lililotunzwa miaka kadhaa ni ushahidi mzuri kwamba kikundi kinajua kushika fedha za watu, na linafaa kuambatishwa kwenye maombi yoyote.

Habari zenyewe husafiri kwa mdomo wa mabaharia, kwenye mnada wa samaki, barazani na baada ya sala ya Ijumaa. Simu imeongeza kasi. Lugha ingali kikwazo. Katiba inatambua Kisomali kuwa lugha rasmi na Kiarabu kuwa ya pili, na wafadhili huandika kwa Kiingereza, ilhali lugha ya nyumbani visiwani ni Kibajuni. Tangazo likibandikwa Kismayu kwa Kisomali na Kiingereza, bibi anayekausha papa Chula hana habari nalo. Ujumbe wa sauti kwa Kibajuni, wa dakika mbili, unaotaja fedha ni za nini, nani anaweza kuomba, tarehe ya mwisho na ofisi ya kuuliza, huwafikia wasiosoma pamoja na wanaosoma, na haugharimu karibu chochote. Unafaa kutaja pia kwamba mfadhili wa kweli hatozi ada ya kupokea maombi. Anayedai pesa kwanza ili jina lipelekwe mbele ni mwizi, na vijiji vilivyo mbali na ofisi ndivyo anavyovilenga.

Fedha zikishafika, kazi ya habari hugeuka upande. Ruzuku nyingi hulipwa kwa mafungu, na fungu la pili hutegemea ripoti ya la kwanza: stakabadhi, picha za kazi na maelezo ya kilichochelewa. Stakabadhi zilizolowa maji ya chumvi chomboni hazisomeki, kwa hiyo kamati hupiga picha kila moja papo hapo dukani na kuituma kwa mtu wa pili. Hesabu ile ile inayopelekwa kwa mfadhili husomwa barazani kwa Kibajuni, kifungu kwa kifungu, wanawake wakiwapo, na fedha za matengenezo hutengwa na kukabidhiwa mtu anayejulikana kabla sherehe ya kufungua mradi haijafanyika.