Siha ya Rubani wa Binafsi Katika Joto la Qurayyat

Tarehe 26 Juni 2018 mji wa Qurayyat, ulio pwani ya Oman upande wa kusini-mashariki ya Maskati, uliingia katika daftari za wataalamu wa hali ya hewa duniani kwa jambo ambalo wenyeji wake hawakuliomba: kwa muda wa saa 24, usiku na mchana, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 za Selsiasi. Mtu aliyeukesha usiku wa namna hiyo, kisha akaondoka alfajiri kwenda kurusha ndege yake ndogo, huenda mfukoni ana cheti cha tabibu ambacho muda wake haujaisha, walakini cheti hicho hakina neno juu ya asubuhi ile.

Kanuni za siha ya marubani zimo katika Nyongeza ya Kwanza ya Mapatano ya Usafiri wa Anga yaliyotiwa saini Chicago mwaka 1944. Rubani wa binafsi, yaani arukaye kwa haja zake bila ujira, hutakiwa cheti cha daraja la pili, kilicho chepesi kuliko cha rubani wa abiria. Kila jicho sharuti lifikie kipimo cha 6/12, na yote mawili kwa pamoja 6/9, kwa miwani au bila miwani. Masikio yasikie mazungumzo ya kawaida kwa umbali wa mita 2 hali amempa tabibu kisogo. Moyo, mapafu, mkojo na shinikizo la damu vitazamwe. Mwenye kisukari atumiaye insulini huhesabiwa kuwa hafai, ingawa Uingereza na Kanada zimewafungulia baadhi yao mlango kwa masharti makali. Na kwetu sisi wa Oman na Unguja, ambao halua haikosi barazani, hilo si jambo la kando. Aliye chini ya miaka 40 hukaa na cheti chake miezi 60. Aliyeuvuka umri huo, miezi 24.

Miezi 60 ni mingi. Kwa hiyo kifungu ambacho wengi hukipita haraka ndicho kizito kuliko vyote: mwenye leseni asiitumie maadamu anajua kuwa siha yake imepungua kiasi cha kumzuia kuongoza chombo kwa salama. Rubani wa shirika ana mwenzake ubavuni na msimamizi wa zamu. Huyu wa binafsi ndiye rubani, ndiye hakimu wa mwili wake, na aghalabu ndiye mwenye shauku ya kuruka.

Joto humjia kwa njia mbili. Hewa ya moto ni nyepesi, hata mabawa yakapata nguvu haba na ndege ikataka njia ndefu zaidi ya kuondokea. Na papo hapo, chini ya kioo cha chombo kisicho na kipoza hewa, damu hukimbilia ngozini ili mwili upoe, jasho hutoka, na kabla kiu haijasema kitu umakini umekwisha kulegea. Anayetumia vidonge vya shinikizo la damu vya kukojoza hupungukiwa na maji upesi zaidi.

Ramadhani huongeza swali jingine, kwani mfungaji hufika alasiri akiwa amekosa maji kutwa nzima na sukari yake imeshuka. Msafiri ana rukhsa ya kula na kulipa siku nyingine, nami naona kwamba rubani aliye peke yake, mwenye roho za watu nyuma yake, anaihitaji rukhsa hiyo kuliko wengi waitumiao. Asiyetaka kuiacha funga na aiache safari.

Yako na mengine ambayo tabibu hana njia ya kuyajua. Dawa nyingi za mafua huleta usingizi, na mafua yenyewe huziba mrija wa sikio, ndege ishukapo maumivu yakawa makali. Naye aliyezamia kwa mtungi wa hewa katika bahari ya Qurayyat asubuhi asiruke jioni. Ni salama angoje saa 24, kwani naitrojeni iliyoyeyuka mwilini mwake hufanya mapovu kanieneo la hewa lipunguapo.